Sura ya Nne: Simu Iliyopona

Kobe alifika ghorofa ya pili akiwa hana hata pumzi ya kusalimia. Wenzake kituoni walimbandika jina hilo zamani, angali koplo, kwa sababu alikuwa mzito wa mwendo na mgumu wa kugeuka akishashika njia. Siku hizi alikuwa inspekta, mama mtu mzima anayehesabu miezi astaafu, na miguu yake ilivimba kila ikifika mchana. Hakuna aliyethubutu kumwita Kobe usoni isipokuwa sajenti wake, ambaye naye alikuwa na wajukuu na hakuwa tena na mtu wa kumwogopa.

"Kaa kwanza, Kobe," sajenti alisema, akimvutia kiti cha plastiki. "Huyu daktari hatoroki. Ana kiyoyozi."

Kobe alikaa. Ukumbini palikuwa na feni inayozunguka kwa kujilazimisha, na meza yenye boksi la karatasi laini za kufutia machozi, limebaki nusu. Alilitazama boksi lile akawaza kwamba kituoni kwake watu hujifuta machozi kwa mikono.

Aliyekuwa akitafutwa ni fundi wa lifti, kijana wa miaka thelathini na kitu. Alitoka nyumbani kwa mama yake jana alfajiri, bila simu, bila koti, bila kuaga. Kwa kawaida mtu mzima akikosekana siku moja polisi hawainuki vitini. Lakini huyu alikuwa mgonjwa. Miezi kadhaa nyuma, fundi mkuu wake, mtu aliyemfundisha kazi tangu akiwa hajaota ndevu, alitumbukia katika shimo la lifti mbele ya macho yake. Tangu siku ile hakushika spana. Alikuwa akija hapa kuzungumza na mtaalamu wa magonjwa ya akili, ambaye wagonjwa wake wote humwita daktari. Kobe alizijua kesi za namna hii. Kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa kumkuta mtu akipumua, na jana nzima ilikuwa imeshapotea.

Mtaalamu aliwapokea mlangoni. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na sauti ya chini, sauti ya mtu aliyezoea kutomstua mwenzake.

"Naomba niseme jambo moja kabla hatujaanza," alisema. "Mgonjwa wangu alikuwa anapona."

"Kwa hiyo natafuta nini, daktari? Mtu mwenye afya aliyeamua kulala nje?"

Mtaalamu alivua miwani, akaivaa tena. "Nasema hivi kwa sababu nyinyi mtafikiri amejidhuru. Mimi sidhani. Nadhani kuna mtu amemfanyia kitu. Nina ushahidi."

Sajenti alisogeza kiti chake mbele. Neno hilo humwamsha hata akiwa amesinzia.

"Wagonjwa wangu wakikubali, tunawawekea programu kwenye simu," mtaalamu aliendelea. "Haisomi maneno yao wala haiwasikilizi. Inahesabu tu. Simu inaamka lini, inalala lini, mtu anatembea kiasi gani, anaongea na watu wangapi, akiandika anafutafuta kiasi gani. Mtu mwenye huzuni nzito hukesha na simu mkononi, anaipekua usiku kucha na hampigii mtu. Akianza kupata nafuu, simu inasema kabla yeye hajasema."

"Simu inasema."

"Kwa maana ya kwamba..."

"Maana nimeielewa," Kobe alisema. "Nionyeshe."

Mtaalamu aligeuza kompyuta. Mstari wa buluu ulikuwa umelala chini kwa wiki nyingi, ukijikokota. Halafu, mara moja, ulinyanyuka na kwenda juu, na huko juu ukatulia.

"Hapa palitokea nini?" Kobe aliuliza, kidole kwenye ile kona.

"Nilikuwa nimembadilishia dawa siku chache kabla."

"Na dawa ikamnyanyua hivi? Siku moja?"

"Ndiyo dawa ya kunitafutia mimi hiyo," sajenti alisema, akijisugua kiuno.

Mtaalamu hakucheka. Alizipanga dalili zake kwa uangalifu wa mtu anayejitetea. Mgonjwa alianza kulala mapema. Aliamka kabla ya jua. Alitembea kila asubuhi. Aliacha kuandika ujumbe wa maandishi, akawa anatuma wa sauti, na hilo nalo ni zuri, maana mtu anayeificha sauti yake anaficha mengi. Alikuwa akiongea na watu, na hasa na namba moja, kila siku, mazungumzo marefu.

"Nadhani alikuwa amepata mwenzi," alisema, na sauti ikashuka zaidi. "Afande, mimi si polisi, lakini ningeanza kwa huyo mwanamke. Pengine ana mume."

"Hapo sasa," sajenti alisema. "Mume. Jana nzima nauliza mume yuko wapi katika hadithi hii."

Kobe alimgeukia mtaalamu. "Mara ya mwisho ulipomwona, mlizungumza nini?"

"Ilikuwa wiki iliyopita. Nilimwonyesha mstari huu. Nikampa hongera. Nikamwambia badala ya kila wiki, sasa tuonane mara moja kwa mwezi."

"Akasemaje?"

"Aliutazama muda mrefu. Akasema, 'Kumbe.'"

"Kumbe nini?"

"Kumbe tu. Akatabasamu, akanishukuru, akaondoka."

Kobe hakulipenda neno lile kukaa peke yake hivyo. Alinyoosha mkono, na sajenti akamtolea simu ya kijana kutoka kwenye mfuko wa nailoni wa vielelezo. Mama yake kijana ndiye aliyeileta kituoni, akaitaja na namba ya siri papo hapo. Kobe aliiandika namba ile, kioo kikawaka, akaanza kupitia orodha ya waliopigiwa. Alisoma jina la kwanza, akasoma la pili, akafika katikati, kisha akaacha. Miwani yake ya kusomea ilikuwa garini, juu ya dashibodi. Aliiona kwa macho ya moyo mahali alipoiacha.

Aliisogeza simu mbali, na bado aliweza kuisoma. Herufi zilikuwa kubwa mno hata maneno matatu yalijaza kioo kizima.

"Daktari, kijana wako anavaa miwani?"

"Hapana. Fundi yule? Macho yake mazima kabisa."

"Sajenti, mama yako angali hai?"

"Yupo, namshukuru Mungu."

"Anaijua namba ya siri ya simu yako?"

"Hata mke wangu haijui. Ndiyo maana tuna amani."

Kobe aliitafuta ile namba ya mazungumzo marefu. Haikuwa na jina la mapenzi, wala haikuwa na jina la kuficha. Ilikuwa namba tupu. Akaibonyeza, akaweka spika, akailaza simu mezani kati yao watatu. Sajenti alitoa kalamu. Mtaalamu aliegemea mbele.

Ilipokewa kabla haijaita mara mbili.

"Haloo! Dada!" Ilikuwa sauti ya mama wa makamo, yenye nguvu za kuita mtu ng'ambo ya barabara. "Toka juzi kimya, nimekaa roho juu! Jino limeanza tena? Si nilikuambia usitafunie upande ule?"

Kalamu ya sajenti ilibaki hewani.

"Dada? Upo sokoni? Mbona sisikii kelele?"

"Samahani, mama," Kobe alisema. "Hapa ni polisi. Dada yako ni mzima, usihofu. Nataka kujua tu, simu hii ni ya nani?"

"Ya dada yangu! Mwanawe alimpa. Yule fundi. Kila asubuhi tunaongea akienda sokoni. Polisi wa nini tena? Amepatwa na nini?"

Kobe alimtuliza kwa maneno machache, bila kumdanganya na bila kumwambia yote, akakata.

"Inawezekana alikuwa anamwazima mama yake mara mojamoja," mtaalamu alianza.

"Daktari." Kobe hakupandisha sauti, alikuwa hana ya kupandisha. "Huyu wa kwenye mstari wako analala mapema. Anaamka kabla ya jua. Anakwenda sokoni na kupiga soga na mdogo wake juu ya jino. Kuandika kunamshinda, kwa hiyo anatuma sauti. Herufi hazioni, kwa hiyo amezikuza. Huyo si mgonjwa wako. Huyo ni mama wa rika langu, na ni kweli, anaendelea vizuri."

Mtaalamu aliutazama mstari wa buluu. Rangi ilimshuka usoni taratibu, na Kobe alimwonea huruma kidogo, maana alikuwa ameona watu wengi wakijua walipokosea, na hakuna hata mmoja aliyependeza wakati huo.

"Nimemruhusu aondoke," mtaalamu alisema. "Nilimpa hongera."

"Usiondoke hapa ofisini. Nitakupigia."

*

Nyumba ilikuwa ya chini, vyumba viwili na sebule, makochi yamefunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Mama wa fundi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi kama mgeni nyumbani kwake. Alipowaona alisimama haraka.

"Mmempata?"

"Bado, dada. Naomba tukione chumba chake tena."

Jana Kobe alikuwa amechungulia tu mlangoni. Leo aliingia. Pazia lilikuwa limebanwa kwa vibanio vya nguo ili mwanga usipenye hata kidogo. Godoro lilikuwa limebonyea upande mmoja tu, upande wa ukutani. Alizitazama soketi za umeme, ile ya kitandani na ile ya mlangoni. Hakukuwa na chaja. Akatoka, akavuka ukumbi mdogo na kuingia chumba cha pili bila kuomba ruhusa. Chaja ilikuwa pale, kando ya mto wa mama, waya wake umekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi.

Alirudi nayo sebuleni, akaiweka mezani.

"Simu ililala kwako," alisema.

Mama aliitazama chaja. Alifungua mdomo kukanusha. Kobe aliona kabisa uongo ukipanda, ukafika shingoni, ukashindwa.

"Nyinyi mna watoto?" mama aliuliza.

"Tunao."

"Basi nisikilizeni. Daktari alinipigia. Akasema mstari wake umelala, ukiendelea kulala hivi itabidi alazwe wodini. Mimi huo mstari sijawahi kuuona. Lakini wodi naijua. Kaka yangu aliingia huko akiwa na kelele zake na vituko vyake vyote, akarudi mtulivu. Mtulivu, dada! Ukimpa chakula anakula. Ukimpa kiti anakaa. Hakuniita jina langu tena mpaka tukamzika." Alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Nikamwambia mwanangu, nipe hiyo simu niitembeze."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Alinipa kama mtu anayetua mzigo. Herufi sikuziona, akanikuzia yeye mwenyewe. Basi nikawa nailaza mapema. Naiamsha alfajiri. Naitembeza sokoni. Daktari alikuwa amesema kuongea na watu ni dalili nzuri, nikawa naongea. Hata na watu nisiowapenda." Alitaka kucheka, kicheko kikamkatalia. "Nilifikiri nikimshikia huo mstari kidogo tu, naye atapata muda wa kuinuka. Ndivyo nilivyofikiri."

Sajenti aligeukia dirishani, akajishughulisha na kitu ambacho hakikuwepo.

Kobe alitaka kukasirika. Jana mama huyu alikaa mbele yake saa nzima, akamjibu kila swali, na kumwacha aende kumtafuta kijana mchangamfu ambaye hakuwepo duniani. Lakini hasira inahitaji nguvu, na zake alikuwa amezimalizia kwenye ngazi za yule daktari.

"Jana ulinificha."

"Nilijua mkijua mtamwambia daktari. Na daktari atamlaza."

"Nisikilize sasa. Kuna hatari kubwa kuliko wodi, na wewe unaijua. Ulipokuwa ukitembeza simu, yeye alikuwa akifanya nini?"

"Amelala. Uso ukutani."

"Siku zote?"

"Kuna siku nikirudi namkuta ananawa. Mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Nilifurahi, afande. Sikumuuliza, nikaogopa kuharibu. Nikajua anatafuta kazi."

"Kuna mtu alimpa kazi?"

"Hakuna aliyekuja. Hakuna fedha iliyoingia."

Kobe alitoka kibarazani, akampigia mtaalamu. Alipokea mara moja, na sauti yake haikuwa tena ya chini.

"Wiki nzuri zitupe zote," Kobe alisema.

"Nimeshazitoa. Nasoma zile mbaya, alipokuwa na simu mwenyewe."

"Zinasema nini?"

"Alikuwa hatoki, hasogei. Ila kuna kitu nilikiona wakati ule nikakipita. Programu inahesabu pia kupanda. Simu inajua ikiwa inakwenda juu. Kuna siku alitoka, akatembea kidogo sana, lakini akapanda mno. Zaidi ya ghorofa tisa. Nilisema ni hitilafu ya simu. Mtu anayeshindwa kuoga, atapandaje ghorofa tisa kwa miguu?"

"Kwa miguu," Kobe alirudia.

"Ndiyo. Kwenye lifti hesabu inakuja tofauti, bila hatua."

Kobe aliikata simu, akamwita sajenti. "Lile jengo la ajali. Lifti yake imeshatengenezwa?"

"Wapi. Tangu siku ile imefungwa, wapangaji wanalalamika mpaka leo. Nilikwenda jana kama ulivyoniagiza. Mlinzi aliapa kwamba fundi yule hajapita."

"Mlinzi anakaa wapi?"

"Mlango wa mbele."

"Na fundi wa lifti anaingia mlango gani?"

Sajenti alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena.

"Usijilaumu," Kobe alisema. "Jibu lako nililipokea mimi, na sikuuliza la pili kwa sababu nilikuwa nataka kukaa."

Walipofika garini mama alikuwa ameshapanda kiti cha nyuma, mkoba mapajani, na alivyokaa ilionekana wazi kwamba wa kumshusha atahitaji wenzake.

*

Lilikuwa jengo la ofisi, kuta zimechakaa, na kwenye milango ya lifti kulikuwa na karatasi ya kuomba radhi iliyokwisha kupauka. Mlinzi aliapa tena, kwa sauti kubwa kuliko jana. Kobe alimwomba tu awaonyeshe mlango wa nyuma. Kitasa kiligeuka bila ufunguo. Kwenye chuma cha komeo kulikuwa na alama ya kidole, nyeusi, ya grisi, haijashika vumbi.

"Mama abaki garini," Kobe alimwambia mlinzi. "Wewe ukae naye. Sajenti, njoo, lakini ghorofa ya mwisho unisubiri chini ya ngazi. Sare zako zinatisha watu."

Akaanza kupanda. Ghorofa ya tatu alishika ukuta. Ya tano alivua viatu, akavishika mkononi. Sajenti alitaka kusema kitu, akamwona uso, akaacha. Kwenye kila kona ya ngazi watu wa ofisi waliwapisha na mafaili yao, wakaendelea na mambo yao, na Kobe aliwaza kwamba kijana yule naye alipishwa hivyohivyo, siku baada ya siku, na hakuna aliyemuuliza.

Juu kabisa palikuwa na ngazi ya chuma na mlango mdogo ulioachwa wazi. Ndani, chumba cha mashine kilinuka grisi na vinyesi vya njiwa. Sakafu ilikuwa chafu, lakini mota yenyewe iling'aa. Kila nati ilikuwa imefutwa. Kijana alikuwa amekaa sakafuni nyuma yake, kando ya kifuniko cha chuma kilichofunguliwa, miguu yake ikining'inia ndani ya shimo la lifti.

"Usisogee," alisema bila kugeuka.

"Sisogei. Nakaa. Miguu yangu imekwisha." Kobe alikaa kwenye kizingiti, viatu kando yake. "Mimi ni polisi. Sina silaha, wala sina pumzi."

"Nani kakutuma?"

"Mama yako anakutafuta."

"Mama anaye mwingine."

"Nani?"

"Yule wa kwenye mstari." Alisema bila uchungu, kwa uchovu mtupu. "Analala vizuri. Anaongea na watu. Daktari alimpa hongera mbele yangu. Nilitaka kumwambia si mimi, lakini ningemtia mama matatani. Nikautazama ule mstari. Nikaona kumbe hata mimi nisipokuwepo, naendelea vizuri tu."

Kobe alikuwa amesoma kozi mbili za mazungumzo na watu walio hatarini, na hakuna hata moja iliyomwandalia jibu la maneno yale. Akauliza alichozoea kuuliza, swali la kazi.

"Mashine ilikuwa na kosa gani?"

Kijana aligeuza kichwa kidogo. Ilionekana kana kwamba tangu ajali ile hakuna aliyemuuliza hilo.

"Haina kosa. Nimeifungua yote. Nimekuja huku mara nyingi, nikaifungua na kuifunga. Fundi wangu alipanda bila mkanda wa usalama, basi. Alikuwa akipanda bila mkanda miaka yote, tukawa tunacheka." Alijipangusa mikono kwenye suruali. "Ningelikuta kosa langu, ningejua la kufanya nalo. Sikulikuta."

"Na sasa?"

"Sasa nimechoka, mama."

"Najua. Mimi pia. Lakini tuchokee upande huu."

Hakusogea. Kobe alizipima hatua kati yao akajua hazimtoshi. Hapo ndipo aliposikia vishindo kwenye ngazi ya chuma, vizito, vikipumzika kila mara, na sauti ya sajenti ikibembeleza, "Mama, tafadhali, mama." Aligeuka kumzuia. Alichelewa. Mama wa fundi alimpita pale kizingitini, khanga imemlegea, uso umelowa jasho, akashika mota ile inayong'aa ili asianguke.

"Mama, nani kakuleta huku juu?" kijana aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na mtu ndani.

"Nimejileta." Alihema. "Ngoja nipumue. Nimekuja kukuambia kitu, usinikatize." Akahema tena. "Nilimdanganya daktari. Nilimfanya aseme umepona. Nilifanya hivyo kwa woga wangu, si kwa ajili yako. Nikawa natembea sokoni na kucheka na watu, na wewe nimekuacha peke yako na ukuta."

Kijana alikuwa akimtazama. Mdomo ulimpinda.

"Sijapona, mama."

"Najua, baba. Nilijua kila siku."

"Sijapona kabisa."

"Najua. Njoo twende wodini. Wodi nimeiogopa miaka yote, na sasa naogopa huku zaidi. Nitakaa nje ya mlango wao. Wakichoka kunifukuza wataniletea kiti."

Alilia kwa sauti, kijana yule, kilio cha mtu mzima ambacho hakina haya. Akauvuta mguu mmoja juu, akauvuta wa pili. Kabla hajaufikisha vizuri sakafuni, Kobe alikuwa ameshafika; alikibamiza kifuniko cha chuma kikafunga shimo, mlio ukajaa chumba kizima, akaketi juu yake kwa uzito wake wote. Hakuwa na mpango wa kuondoka pale mpaka jengo lisimamishwe upya. Mama na mwanawe walikuwa wameshikana sakafuni, grisi na jasho. Sajenti alisimama mlangoni akiwatazama, na machozi yake hakuyaficha.

Walishuka polepole. Hakuna aliyemhimiza mwenzake.

Nje, mtaalamu alikuwa amesimama kando ya gari la polisi. Alikuwa amekisia mwenyewe ni jengo lipi, akaja kwa teksi, mikono mitupu, shati limechomoka kwenye suruali. Kobe alikuwa amepanga kumwambia maneno mawili matatu, na alikuwa ameyachagua vizuri njiani, lakini alipomwona akaona hakuna haja.

Mtaalamu alimsogelea mgonjwa wake. Alimtazama usoni, akaendelea kumtazama.

"Unajisikiaje?" aliuliza.

Kijana alishika mkono wa mama yake.

"Vibaya," alisema. "Vibaya sana, daktari. Tangu mwanzo."

Mtaalamu alitikisa kichwa kukubali. Kisha akafungua mlango wa nyuma wa gari, akamsaidia mama kupanda kwanza, ili kijana akiingia amkute mtu ndani.